MANENO YA FISHI: MUNGANGA ANAONA NINI ANAPOTUPIMA?



Safari hii tunataka kueleza maneno ambayo munganga anaandika kwenye fishi akiisha kutupima. Tumechagua jambo hili kwa sababu ya mambo tunayoyaona katika bweni. Mtu akirudi toka dispanseri, anakuta wenzake wanamngoja. Mmoja anamnyanganya fishi, anasoma neno gumu kwa sauti, mwingine anajifanya mtafsiri. Muhula uliopita mdogo wetu mmoja wa darasa la pili aliandikiwa splenomegali. Mbele ya saa ya chakula cha jioni, mabweni mawili yalikuwa yanajua kwamba "tumbo lake limeoza". Wengine walisema, "Hapana, wamemutilia sumu." Yeye mwenyewe akasadiki, akaacha kumeza vidonge siku mbili, maana walimwambia kwamba vidonge haviwezi kitu kwa sumu. Kumbe alikuwa na malaria tu, iliyomrudia mara nyingi. Alipotunzwa vizuri alipona. Lakini munaona: neno moja lilikuwa karibu kumletea hatari kuliko ugonjwa wenyewe.

Basi tulikaa na munganga wetu, tukamuuliza neno kwa neno. Haya ndiyo tuliyoyapata.

1. KUSEMA NA KUONA NI VITU VIWILI

Mgonjwa akifika, kwanza anasema: "Kichwa kinaniuma, ninasikia baridi, sina hamu ya kula." Hayo ni malalamiko yake. Yeye peke yake anayasikia, munganga hawezi kuyaona. Kisha munganga anampima kwa macho, kwa mikono na kwa masikio. Yale anayoyakuta yeye mwenyewe ndiyo tunayoita alama za mwili. Maneno mengi magumu ya fishi ni majina ya alama hizo.

Hapa ndipo penye jambo kubwa la makala hii, tunaomba mulishike: JINA LA ALAMA SI JINA LA UGONJWA. Ukiona moshi nyuma ya jikoni, unajua kwamba moto uko. Lakini hujui bado kama wanapika maharagi ao kama nyumba inaungua. Inafaa uende kutazama. Vilevile munganga akiandika kwamba bandama imekuwa kubwa, ameandika moshi. Moto ataujua nyuma ya kuuliza maswali, kupima damu, na mara nyingine nyuma ya kungoja siku moja ao mbili.

2. NJIA INE ZA KUPIMA

Munganga anafuata njia ine. Anatazama: hiyo ni inspeksio. Anapapasa: hiyo ni palpasio. Anagonga kwa vidole: hiyo ni perkusio. Anasikiliza: hiyo ni oskultasio.

Kugonga kulitoka kwa daktari Auenbrugger wa Austria, aliyeandika habari yake mwaka 1761. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na watu wa kazi hiyo walizoea kugonga mapipa ya divai ili kujua divai imefika wapi. Penye divai panalia kwa sauti nzito, penye hewa panalia kama ngoma. Ndivyo na kifua cha mtu: penye hewa panalia kama ngoma, penye maji panatoa sauti nzito. Ninyi wenyewe munaweza kujaribu kwa pipa la maji ya mvua.

Kusikiliza kwa chombo kulianza mwaka 1816 huko Paris. Daktari Laennec alipaswa kusikiliza moyo wa mwanamke kijana, akaona haya kuweka sikio kifuani mwake. Akakunja karatasi kama bomba, akasikia moyo wazi kuliko zamani. Kisha akatengeneza bomba la mti. Chombo ambacho munganga anavaa shingoni leo ni mtoto wa ile karatasi.

3. HESABU ZA JUU YA FISHI

Kwanza joto. Mwili wa mtu mzima una joto la karibu digri 37. Ikifika 38, hiyo ni homa wazi. Mtu asiye na homa wanamwandika apiretiki. Tafazali musiogope neno hili! Maana yake ni "hana homa".

Kisha mapigo ya moyo. Mtu mkubwa aliyepumzika ana mapigo 60 mpaka 100 kwa dakika moja. Yakipita 100 wanaandika takikardia. Yakiwa chini ya 60 wanaandika bradikardia. Lakini yule aliyekimbia toka uwanja wa mupira mpaka dispanseri atakuwa na takikardia bila ugonjwa wowote. Homa pia inakimbiza moyo, na woga vilevile. Kwa upande mwingine, mchezaji aliyezoea mazoezi sana anaweza kuwa chini ya 60, naye ni mzima kabisa.

Pumzi: mtu mkubwa akipumzika anavuta pumzi mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Pumzi ya haraka wanaiita takipnea. Kuvuta pumzi kwa shida wanakuita dispnea.

Tansio ina hesabu mbili, kwa mfano 120 juu ya 80. Ya kwanza ni nguvu ya damu wakati moyo unapokaza, ya pili ni wakati moyo unapolegea. Ikiwa 140 juu ya 90 ao zaidi, na ikiwa hivyo tena siku nyingine, hapo wanasema ipertansio. Mara moja tu haitoshi kumpa mtu jina hilo.

4. MACHO NA NGOZI

Munganga anavuta chini kope ya jicho lako kwa kidole. Anatafuta rangi ya ile nyama ya ndani. Kwa mtu mzima ni nyekundu. Ikiwa imepauka, anaandika palori, na anawaza upungufu wa damu, yaani anemia. Sisi watu wa ngozi nyeusi, palori haionekani usoni. Inatafutwa ndani ya kope, kwenye ulimi na katika kiganja. Sababu ni nyingi: malaria, minyoo, chakula kisichotosha, kutoka damu, ugonjwa wa SS. Akiandika kwamba macho "yana rangi", ni habari njema.

Halafu anatazama sehemu nyeupe ya jicho. Ikigeuka manjano, hiyo ni ikteri. Rangi hiyo inatoka kwa kitu kinachofanyika wakati chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Ini linapaswa kukichukua na kukitoa pamoja na nyongo. Kwa hiyo macho yanageuka manjano ikiwa chembe zinavunjika nyingi kupita kiasi, ao ikiwa ini ni gonjwa, ao ikiwa njia ya nyongo imezibwa.

Hapa watu wengi wanachanganya mambo. Wakiona macho ya manjano, wanasema, "Ni homa ya manjano," wanakimbia mgonjwa. Homa ya manjano ni ugonjwa mmoja unaoletwa na mbu, nao una chanjo. Macho ya manjano ni alama, nayo inapatikana katika magonjwa mengi. Wenzetu wenye ugonjwa wa SS wanakuwa na macho ya manjano mara kwa mara kwa sababu chembe zao nyekundu zinavunjika upesi. Huwezi kuambukizwa SS, hata mukilala kitanda kimoja, hata mukila sahani moja. Mtu anazaliwa nao, kwa sababu amepokea sehemu yake kwa baba na kwa mama. Basi kumwita mwenzako "macho ya mayai" ni ujinga, tena ni zambi. Na mujue kwamba watu wengi wenye ngozi nyeusi wana rangi ya udongo kidogo katika jicho, pale jua linapopiga. Hiyo si ikteri. Njo maana munganga anatutazama karibu na dirisha, katika mwangaza wa mchana.

Siyanozi ni rangi ya buluu ya midomo, ulimi na kucha. Inaonyesha kwamba damu inakosa hewa safi. Hiyo haingoji kesho.

Tena kuna mkunjo wa ngozi. Munganga anabana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na kuiachilia. Kwa mtu mzima inarudi mara moja. Ikirudi polepole, mwili unaweza kuwa umekauka maji, kama vile kwa mtu anayehara na kutapika. Wanaandika dezidratasio.

5. SHINGO

Adenopatia ni tezi zilizovimba: shingoni, kwapani ao kwenye kinena. Tezi hizi ni kama askari. Mtu akiwa na kidonda mguuni, tezi ya kinena inavimba. Akiwa na jino bovu, tezi ya chini ya taya inavimba. Mara nyingi inapungua pamoja na ugonjwa. Ikikaa majuma mengi, ao ikizidi kukua, inapasa kutafuta sababu.

Goita, ao rovu, ni kitu kingine. Hiyo ni tezi moja ya mbele ya shingo iliyokuwa kubwa. Katika Kivu neno hili linajulikana vizuri. Kisiwa cha Idjwi kilikuwa na watu wengi wenye rovu, hata wachunguzi wakaenda kupima watu huko katika miaka ya 1960. Watu wa zamani walisema ni laana ya ukoo. Sababu kubwa ilikuwa ukosefu wa yodi katika udongo, na kwa hiyo katika chakula. Na mihogo isiyotayarishwa vizuri iliongeza shida. Dawa ya kuzuia ni ndogo sana: chumvi yenye yodi.

Shingo ngumu ni neno rahisi, lakini ni zito. Mtu mwenye homa, ambaye hawezi kuinamisha kidevu mpaka kifuani, apelekwe upesi. Inaweza kuwa menenjiti.

6. KIFUA

Katika kifua munganga anasikiliza hewa inapoingia na kutoka. Raali ni sauti ya kupasuka-pasuka, kama chumvi kidogo ukiitupa ndani ya moto. Inaweza kusikika katika ugonjwa wa mapafu, na pia kama moyo umechoka na maji yanarudi katika mapafu. Sibilansi ni mluzi mwembamba, kama ule wa watu wenye pumu. Kumbe neno moja, "kifua", ambalo sisi tunalitumia kwa kila kikohozi, lina sauti nyingi ndani yake, na kila sauti ina njia yake.

7. TUMBO

Sasa tumefika kwa neno lililoleta fujo. Bandama iko upande wa kushoto, chini ya mbavu. Kwa kawaida munganga akipapasa haipati, imejificha. Ikikua, inashuka chini ya mbavu na mkono unaisikia. Hiyo ndiyo splenomegali, na maana yake ni "bandama kubwa", basi. Hakuna neno la kuoza ndani yake, hakuna neno la sumu.

Kwa nini inakua? Bandama inasafisha damu. Inashika chembe zilizoharibika na wadudu walioingia. Mtu akipata malaria mara nyingi, kazi ya bandama inazidi, nayo inakua. Katika inchi yetu hiyo ni sababu ya kawaida sana. Kuna sababu nyingine pia, kama tifoide, bilharzia na magonjwa mengine ya damu. Kwa hiyo munganga anaomba kipimo cha damu, kile wanachoandika GE, ao kipimo cha haraka.

Lakini kuna shauri moja la kweli, na hili tunalisema kwa wachezaji wote: bandama kubwa inaweza kupasuka ikipigwa kwa nguvu, na damu inatokea ndani ya tumbo. Kama munganga amekuambia usicheze mupira, usipigane mieleka, umusikie. Na ninyi wengine, musimwite mvivu. Kama mtu mwenye bandama kubwa amepigwa ao ameanguka, kisha tumbo linamuuma ao anazimia, apelekwe hospitali saa ileile.

Ini liko upande wa kuume. Likikua wanaandika epatomegali. Maji yakijaa ndani ya tumbo wanaandika asiti. Na kama wameandika "tumbo laini", wafurahi wenye tumbo, maana ni jambo jema: tumbo halikukaza wala halina maumivu likibonyezwa.

8. MIGUU

Edema ni uvimbe wa maji. Munganga anabonyeza juu ya mfupa wa mguu kwa kidole kimoja, anangoja kidogo, anaondoa. Kama shimo linabaki, kama vile umebonyeza udongo wa matofali, hiyo ni edema. Inaweza kutoka kwa moyo, kwa figo, kwa ini, ao kwa chakula kibaya.

Edema ya watoto wenye njaa ya chakula cha kujenga mwili inatukumbusha neno kwashiorkor. Daktari Cicely Williams, mwanamke aliyezaliwa Jamaika, aliuona ugonjwa huo katika inchi inayoitwa leo Ghana, akaandika jina lake mwaka 1935. Hakutunga jina la Kigiriki. Alichukua neno la akina mama wa kabila la Wa-Ga, linaloonyesha ugonjwa wa mtoto ambaye mdogo wake amekuja kuchukua nafasi yake kwa mama. Na sisi Wakongomani tumetoa neno konzo. Ni neno la Wayaka wa Kwango, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliliandika mwaka 1938. Ni ugonjwa unaolemaza miguu kwa gafula. Unawapata watu wanaokula mihogo michungu isiyoloweshwa vizuri, bila chakula kingine cha kutosha. Basi maneno ya waganga hayakutoka yote mbali. Mengine yalitoka kinywani mwa mama zetu.

9. NAMNA YA KUFUNGUA NENO GUMU

Neno gumu ni kama treni: linafanywa kwa mabehewa. Mukijua mabehewa machache, munaweza kusoma mengi.

– megali: kukua. Splenomegali, bandama kubwa. Kardiomegali, moyo mkubwa.
– taki: haraka. bradi: polepole.
– kardia: moyo. pnea: pumzi.
– emia: katika damu. Anemia, kukosa damu.
– iti: kuwaka, kuvimba kwa ugonjwa. Otiti, ya sikio. Gastriti, ya tumbo la chakula.
– aljia: maumivu. Sefalaljia, kichwa kinauma. Njo hivi tu!
– iper: juu ya kiasi. ipo: chini ya kiasi.
– a ao an mwanzoni: hakuna. Apiretiki, hana homa. Anikteriki, macho si ya manjano.

Hiyo behewa ya mwisho tunaomba muishike zaidi, kwa sababu inageuza habari mbaya kuwa njema. Tena kuna herufi tatu zinazoogopesha watu bure: RAS. Tulisikia mmoja akisema ni jina la ugonjwa wa mapafu. Ni maneno ya Kifaransa "rien à signaler", maana yake "hakuna la kutaja". Mwenye RAS amshukuru Mungu.

10. TUFANYE NINI KATIKA BWENI?

Kwanza, fishi ni mali ya mwenyewe. Kuanzia sasa, sisi tunaosimamia mabweni tutachukua kila fishi iliyonyanganywa na kumrudishia mwenyewe, na aliyeinyanganya atajibu mbele ya Bwana Prefe. Siri ya mgonjwa ni siri yake.

Pili, usiwe mtafsiri wa neno usilolijua. Mwenye fishi arudi kwa munganga na kuuliza maswali matatu: Neno hili ni alama gani? Unawaza imetoka wapi? Nifanye nini? Munganga hakatai. Yeye mwenyewe alituambia kwamba anapenda kuulizwa.

Tatu, neno lolote liandikwe, dawa zimalizwe kama zilivyoandikwa.

Ine, kuna alama ambazo hazihitaji neno gumu wala kungoja kengele ya asubuhi. Mtuamushe hata saa nane ya usiku, nasi tutamwamsha msimamizi, kama mwenzenu:
– anasema maneno yasiyo na maana, ao haamki vizuri, ao anashikwa na kifafa;
– ana homa na shingo ngumu;
– anavuta pumzi kwa shida, ao midomo ni buluu;
– anatapika kila kitu, hata maji;
– anakojoa mkojo mweusi kama kahawa, ao anatoka damu;
– amepauka sana na hawezi kusimama;
– ni mtu wa SS, na ana homa ao maumivu makali.

Musiseme, "Tutamwombea, tungoje kesho." Tuombe, ndiyo, lakini tuombe njiani tukimpeleka. Mtume Paulo alisafiri na Luka, naye katika barua kwa Wakolosai anamwita daktari. Hakuona aibu kuwa na maombi na daktari katika safari moja.

Wadogo wetu wa darasa la kwanza na la pili, kwenu tunasema zaidi: mukisikia vibaya, musifiche kwa kuogopa jina mutakalopewa. Alama iko ndani ya mwili hata ikiwa haijaandikwa. Ikiandikwa, inaanza kutafutiwa dawa.

Mwenye swali alitie katika sanduku la gazeti, nasi tutalipeleka kwa munganga.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita,
kwa jina la wasimamizi wa mabweni